Jinsi ya Kutambua Kwamba Umepoa Kiroho na Kuihuisha Imani Yako: Mwongozo Kamili wa Siku Arobaini

Kila mwanzo wa mwaka, na tena kila Jumatano ya Majivu, Wakristo wengi hapa Dodoma huweka nadhiri zile zile: kusoma Biblia nzima kwa mwaka mmoja, kuamka saa tisa usiku kuomba, kufunga siku ishirini na moja. Kabla robo ya mwaka haijaisha, wengi wao wamekwama katikati ya Mambo ya Walawi, na wanajiona wako mbali na Mungu kuliko walivyokuwa kabla ya nadhiri.

Wasomaji wanaoniandikia kuhusu jambo hili hudhani kwamba kasoro yao ni uvivu. Sidhani hivyo. Wanashindwa kwa sababu wanaanzia mahali pasipo pao. Mtu aliyepoa polepole kwa miaka mitatu harudi kwa mkesha mmoja, hata mkesha huo uwe wa machozi kiasi gani. Inampasa arudi hadi pale hasa alipoacha jambo la kwanza, aliungame, kisha alianze tena likiwa dogo.

Mwongozo huu umepangwa kwa kufuata njia hiyo. Unamfaa Mkatoliki, Mwanglikana, Mlutheri na Mpentekoste, na pale taratibu za makanisa zinapotofautiana nimeonyesha tofauti yenyewe.

## Vitu vya kuandaa

Biblia ya karatasi. Biblia iliyomo kwenye simu ni nzuri ukiwa safarini, lakini kwa kazi hii haifai, kwa sababu simu hiyo hiyo ndiyo inayoleta ujumbe wa kikundi cha harusi, taarifa ya muamala na salamu za usiku ambazo hujazijibu.

Daftari dogo la shule na kalamu. Lisiwe daftari la kikao wala la mahubiri. Liwe lako peke yako, na lihifadhiwe mahali ambapo wengine hawalifikii.

Robo saa isiyogombewa na mtu. Kwa anayewahi basi la kwenda Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, muda huo huenda ukawa saa kumi na moja alfajiri. Kwa mama mwenye mtoto mchanga huenda ukawa saa nne asubuhi mtoto anapolala. Asubuhi haina utakatifu kuliko mchana. Kinachotakiwa ni saa ambayo unaweza kuirudia kesho.

Nyaraka zako za kanisa. Tafuta cheti cha ubatizo, cha kipaimara, cha ndoa kama unacho, na barua ya utambulisho kutoka usharika au parokia uliyotoka. Sababu yake utaiona katika hatua ya tano.

Siku arobaini, pamoja na wiki moja ya maandalizi. Hatua tatu za kwanza zinakamilika katika wiki ya maandalizi. Ukipenda kutumia Kwaresima, zimalize kabla ya Jumatano ya Majivu.

## Kabla ya kuanza: hakikisha kwamba hujachoka au huumwi

Si kila ukavu wa kiroho ni kupoa kwa imani. Nabii Eliya, katika 1 Wafalme 19, aliketi chini ya mretemu akaomba afe, na Mungu hakumkemea wala hakumwambia aongeze maombi. Alimpa usingizi, mkate na maji, kisha usingizi tena na chakula tena, na mazungumzo yenyewe yakaja baadaye huko Horebu.

Kwa hiyo jiulize kwanza: je, umefiwa katika miezi ya karibuni? Je, umejifungua? Je, usingizi umekutoka kwa wiki kadhaa, chakula hakina ladha, na hata mambo yasiyohusu dini yamekosa furaha? Ikiwa jibu ni ndiyo, mwone daktari kabla ya kujilaumu. Watu wa Dodoma tumezoea kulitaja jina la Mirembe, hospitali yetu ya magonjwa ya akili, kwa utani, na utani huo umewazuia wengi kutafuta msaada unaopatikana mjini kwao. Kwenda hospitali si upungufu wa imani, na mtu anayefikiria kujidhuru aende leo, akiwa amesindikizwa, bila kungoja mwongozo wowote.

## Hatua ya 1: Tafuta mahali ulipoanza kupoa

Fungua ukurasa wa kwanza wa daftari, uchore mstari wa wima katikati. Upande wa kushoto andika matukio makubwa ya miaka mitano iliyopita: uhamisho, ndoa, mtoto, msiba, masomo, cheo, biashara. Upande wa kulia andika mambo ya imani uliyokuwa ukiyafanya na wakati ulipoyaacha. Usiandike jinsi ulivyojisikia, kwa sababu hisia hazina tarehe, andika matendo.

Tuchukue mfano wa mtumishi wa wizara aliyehamia hapa kutoka Dar es Salaam serikali ilipokuwa ikihamisha ofisi zake. Upande wa kushoto ameandika: «Agosti 2019, uhamisho. Familia imebaki Mbagala.» Upande wa kulia, mkabala na mstari huo, ameandika: «Sala ya jioni na watoto: iliisha siku niliyohama. Jumapili: naondoka Dodoma Ijumaa jioni, Jumapili nipo njiani kurudi. Kanisa jipya: sijajiandikisha. Barua ya utambulisho: ipo ndani ya bahasha ya kaki pamoja na vyeti vya shule.» Ukimwuliza mtu huyu, atakuambia kwamba imani yake ilipungua mwaka jana, baada ya ugomvi fulani kazini. Daftari linaonyesha kwamba ilianza kupungua siku alipopakia masanduku, na kwamba ugomvi wa mwaka jana ulimkuta akiwa hana tena mtu wa kumwombea.

Maswali haya yatakusaidia kujaza upande wa kulia:

- Ni lini mara ya mwisho uliomba ukiwa peke yako, bila kuombwa kuongoza na bila kuwa na shida?
- Ni lini fungu la Maandiko lilikufanya ubadilishe jambo ulilokuwa umekwisha kuliamua?
- Je, unamjua mgonjwa mmoja katika jumuiya yako kwa jina?
- Ibada ikiahirishwa, je, moyoni unafurahi?
- Ukimwona mtu aliyeokoka juzi akishuhudia kwa moto, je, unamcheka kimoyomoyo?

Swali la mwisho ndilo ninaloliamini kuliko yote. Mtu anaweza kuyakosa mengine kwa sababu ya shughuli tu, lakini dhihaka kwa bidii ya mwenzake huonyesha kwamba moyo umekwisha kuanza kujitetea.

Onyo. Walio katika hatari zaidi ya kutojua kwamba wamepoa ni wale wanaohudumu: mwimbaji wa kwaya, mzee wa kanisa, katekista, mwalimu wa shule ya Jumapili, na hata mchungaji mwenyewe. Wao hawakosi ibadani, kwa hiyo mahudhurio hayawaambii kitu. Dema ametajwa mara tatu katika nyaraka za Paulo. Katika Filemoni ni mmoja wa watenda kazi pamoja naye, katika Wakolosai anatajwa kwa jina tu, na katika 2 Timotheo 4:10 amekwisha kumwacha Paulo na kwenda Thesalonike, akiwa ameupenda ulimwengu huu wa sasa. Hatuelezwi siku ambayo jambo hilo lilitokea, na kwa kawaida siku kama hiyo haijulikani hata na mwenyewe.

Utajua umefanikiwa utakapoweza kuandika sentensi moja yenye wakati na tendo ndani yake: «Nilianza kupoa wakati fulani, nilipoacha jambo fulani.» Sentensi kama «nimekuwa mbali na Mungu siku hizi» haitoshi. Endelea kutafuta.

## Hatua ya 2: Tambua chanzo, kwa kuwa kila chanzo kina dawa yake

Hapa ndipo wengi hukosea kwa kujipa dawa ya ugonjwa wa mwingine. Aliyejeruhiwa na kanisa akiongeza kufunga, jeraha lake halifungi. Mwenye dhambi anayoificha akinunua Biblia mpya yenye maelezo mengi, atakuwa na dhambi na Biblia mpya.

Kama chanzo chako ni *shughuli*, hali yako ni nyepesi kuliko unavyodhani. Ulihama, ulijifungua, ulianza shahada pale Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), au ulipata shamba la zabibu linalodai kila Jumamosi na nusu ya Jumapili. Hukumkataa Mungu, ulimwondoa kwenye ratiba. Pita upesi hatua ya tatu, weka nguvu zako katika ya nne.

Kama ni *dhambi inayoendelea*, yaani uhusiano wa nje, fedha ya ofisi, pombe, au chuki uliyoilea miaka mingi, basi usiruke hatua ya tatu kwa namna yoyote. Katika hali hii mtu huacha kuomba kwa sababu kuomba kunamkumbusha, kisha husahau sababu na kubaki na mazoea ya kutoomba.

*Jeraha* ni chanzo kinachozungumzwa kidogo kuliko uzito wake. Wapo walioaibishwa mbele ya ushirika kwa sababu ya michango. Wapo waliofiwa na kuambiwa kwamba marehemu hakuwa hai katika jumuiya, hivyo mazishi yatakuwa ya namna nyingine. Wapo waliotendewa vibaya na kiongozi waliyemwamini. Mtu wa namna hii mara nyingi bado anampenda Kristo na anasali nyumbani. Kilichopoa ni imani yake kwa watu wa Kristo. Aliandike jeraha lake kama lilivyo, bila kulipunguza, na alipeleke kwa kiongozi mwingine asiyehusika. Kama alilotendewa ni kosa la jinai, polisi wanahusika pia, na asikubali kuambiwa kwamba kusamehe ni kunyamaza.

Chanzo cha nne ni *shaka*. Kijana aliyelelewa Kongwa au Mvumi na bibi mcha Mungu hufika chuoni, hukutana na maswali ambayo bibi hakuyajibu, na kwa kuwa kanisani kwake kuuliza kunahesabiwa kuwa ni uasi, huamua kunyamaza. Dawa yake ni kuuliza kwa sauti. Mji huu haukosi watu waliosoma theolojia kwa miaka mingi, kwa mfano katika chuo cha Msalato, na wengi wao huwa na furaha kubwa kuulizwa swali gumu. Wakati huo huo aendelee kuomba sala ya yule baba wa Marko 9:24: «Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu.» Yesu hakuikataa sala hiyo.

Ukikuta vyanzo viwili vimeungana, anza na kile ambacho usingependa mtu akisome katika daftari lako.

## Hatua ya 3: Ungama kwa kutaja, kisha rekebisha

Ujumbe kwa kanisa la Efeso, katika Ufunuo 2:4-5, unatoa mpangilio wote wa kazi hii: «umeuacha upendo wako wa kwanza. Basi, kumbuka ni wapi ulikoanguka. Ukatubu, ukayafanye matendo ya kwanza.» Kukumbuka kumekwisha katika hatua ya kwanza. Sasa ni kutubu.

Soma Zaburi ya 51 yote kwa sauti. Kisha, bila kutafuta maneno mazuri, mwambie Mungu ile sentensi uliyoiandika, pamoja na chanzo chake. Kijana wa Luka 15 alitayarisha maneno yake akiwa bado kwa nguruwe, na maneno yenyewe yalikuwa mafupi: «Baba, nimekosa juu ya mbingu na mbele yako.» Maungamo yanayotaja jambo moja kwa jina lake yana uzito kuliko maombi ya saa nzima yasiyotaja kitu, kwa sababu kinachotajwa kinaweza kuachwa.

Kwa Mkatoliki, njia ipo wazi: nenda kwenye kitubio. Kama umekaa miaka mingi, mwambie padre tangu mwanzo, «Baba, ni muda mrefu sijaungama, naomba unisaidie,» naye atakuongoza. Hutakiwi kukumbuka kila kitu kwa ufasaha.

Kwa Mwanglikana na Mlutheri, maungamo ya pamoja yamo katika ibada, lakini unaweza kumwomba mchungaji muda wa faragha. Wengi hawajui kwamba jambo hili linawezekana, nalo ni sehemu ya kazi yake.

Kwa Mpentekoste, kuna hatari ya pekee. Ukiitikia mwito wa kwenda mbele katika kila mkutano wa injili, mwili huzoea kutembea kwenda madhabahuni bila moyo kuhama. Safari hii ungama nyumbani kwanza, kisha kwa kiongozi mmoja.

Baada ya kuungama, rekebisha. Zakayo hakuishia kulia. Aliahidi kurudisha mara nne. Ikiwa unadaiwa katika VICOBA, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, na umekuwa ukikwepa vikao, mpigie mwenyekiti simu leo na mkubaliane kiasi utakachoanza nacho. Ikiwa hamsalimiani na ndugu yako kwa sababu ya mpaka wa shamba, Mathayo 5:23-24 inakutuma kwake kabla ya sadaka. Kupatana hakumaanishi kwamba utashinda hoja ya mpaka.

Onyo. Usiungame dhambi za mwenzako. Usitangaze mbele ya kikundi jambo litakalomvunjia heshima mke, mume au mtoto ambaye hajakubali litajwe. Na usimwendee peke yako mtu aliyewahi kukupiga au kukutishia, eti mkapatane.

Utajua umefanikiwa ikiwa kuna angalau jambo moja nje ya moyo wako lililobadilika: simu imepigwa, fedha imerudi, namba fulani imefutwa. Machozi si kipimo, na kukosa machozi si kipimo pia.

## Hatua ya 4: Anza tena jambo lile lile, likiwa dogo

Mwanzo 26:18 inasimulia kwamba Isaka alivichimbua tena visima ambavyo watumishi wa baba yake walikuwa wamevichimba, na ambavyo Wafilisti walivifukia. Anayeishi katika nchi yetu hii ya mvua chache ataielewa haraka busara yake: kisima kilichofukiwa kina maji chini, na ni kazi rahisi kuondoa udongo kuliko kubahatisha mwamba mpya. Lile tendo ulilolikuta katika hatua ya kwanza ndilo kisima chako. Kama kilichoanza kuisha ni sala ya jioni na watoto, anza na sala ya jioni na watoto, hata ikiwa kwa simu ukiwa Dodoma na wao wakiwa Dar es Salaam.

Pamoja na tendo hilo, tumia ile robo saa hivi: dakika moja ya kukaa kimya, dakika saba za kusoma sura moja polepole, dakika mbili za kuandika mstari mmoja katika daftari, na dakika tano za kuomba kutokana na ulichosoma.

Mpango wa kusoma una sura arobaini, Jumatatu hadi Jumamosi:

1. Injili ya Marko, sura 16. Ni fupi kuliko Injili nyingine tatu, inakwenda mbio, na inamweka Yesu mwenyewe mbele yako kabla ya mafundisho kuhusu Yesu.
2. Wafilipi, sura 4. Waraka wa furaha ulioandikwa na mfungwa.
3. Yakobo, sura 5. Huu utakuuma, na ni vizuri ukuume baada ya kuwa umekwisha kusimama.
4. Zaburi ya 120 hadi ya 134, jumla zaburi 15, ambazo ni nyimbo za kupanda mlima. Nyingine zina mistari mitatu tu. Siku hizo omba zaidi.

Hesabu hii inalingana kabisa na siku za Kwaresima ukiacha Jumapili, kuanzia Jumatano ya Majivu hadi Jumamosi Kuu. Jumapili husomi sura. Siku hiyo ni ya hatua ya tano.

Maneno ya kuomba yakikosekana, na yatakosekana katika wiki ya pili, tumia ya kuazima. Sema Baba Yetu polepole, ukisimama kila sentensi. Badilisha mstari wa zaburi uwe ombi. Wapo wanaodharau sala zilizoandikwa, lakini mwenye njaa hakatai chakula kwa sababu hakukipika yeye.

Onyo. Ukikosa siku moja, usisome sura mbili kesho yake. Deni la sura ndilo linalowaua wale wa nadhiri za Januari: tatu zinakuwa sita, sita zinakuwa kumi na mbili, kisha mtu anafunga kitabu. Soma sura ya siku hiyo, uendelee. Iliyorukwa utaikuta mwishoni. Usiongeze pia kufunga kwa siku nyingi katika wiki hizi, hasa kama unatumia dawa za kisukari, za vidonda vya tumbo au dawa yoyote inayohitaji chakula.

Utajua umefanikiwa si kwa kusikia joto moyoni. Alama ya kweli huja kwa upole zaidi: siku uliyokosa, saa fulani mchana, unahisi kwamba kuna kitu hukukifanya.

## Hatua ya 5: Rudi kundini ukiwa na jina

Waebrania 10:25 inaonya tusiache kukusanyika pamoja, kama ilivyo desturi ya wengine. Jambo hilo la zamani limepata sura mpya hapa mjini. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, safari ya Ijumaa kwenda Dar es Salaam imekuwa nyepesi, na wapo watumishi wengi ambao ni waumini wa makanisa mawili bila kujulikana katika hata moja. Huko wanahesabiwa kuwa wamehama. Huku hawajahesabiwa kuwa wamefika.

Chagua. Amua Jumapili ngapi kwa mwezi utakuwa hapa, na uzitimize. Kisha itoe ile barua ya utambulisho kwenye bahasha. Kama imepitwa na muda au imepotea, piga simu ofisi ya usharika au parokia uliyotoka, uombe nyingine. Mpelekee mchungaji, paroko au mzee wa kanisa wa mtaa wako baada ya ibada, ukisalimia kama desturi ya kanisa lenyewe, iwe «Bwana Yesu asifiwe» au «Tumsifu Yesu Kristo», na useme wazi: «Nimekuwa hapa muda bila kujitambulisha. Naomba kuandikishwa, na nielekezwe jumuiya ya mtaani kwangu.»

Jumuiya ni muhimu kuliko viti vya kanisani. Katika ibada ya Jumapili yenye watu mia tano, hakuna atakayejua kwamba hukuwepo. Katika sala ya nyumba kwa nyumba yenye watu tisa, katika mtaa kama Kisasa au Nkuhungu, mama mwenye nyumba ataangalia kile kiti na kuuliza.

Vikwazo viwili huwarudisha wengi mlangoni.

Cha kwanza ni *deni la ahadi na michango.* Mtu aliyekosa miaka miwili anaogopa kwamba atakapotokea atasomewa hesabu. Nenda kwa mweka hazina au mwenyekiti wa jumuiya kabla ya kikao, peke yako, ueleze hali yako, na useme utaanzia mwezi huu. Viongozi wengi hukubali. Kwa maoni yangu, kanisa linalomdai aliyepotea malimbikizo kabla ya kumpa kiti linapaswa kuisoma upya Luka 15, lakini usingoje lisome ndipo urudi.

Cha pili ni *ndoa.* Wapo walioishi na wenzi wao miaka kumi, wana watoto, na hawakaribii Meza ya Bwana kwa kuwa ndoa yao haijafungwa wala kubarikiwa kanisani. Wanakwama kwa sababu wanangoja fedha za sherehe. Mwulize mchungaji au padre taratibu za kubariki ndoa bila sherehe. Kinachohitajika ni mafundisho, mashahidi na nyaraka, wala hakuna kanisa linalodai ukumbi na keki. Ukiwa chini ya karipio au umetengwa, uliza utaratibu wa kurudishwa na uufuate hadi mwisho.

Onyo. Usigeuze kurudi kuwa kuhamahama. Mtu aliyepoa huvutwa sana na huduma inayoahidi mageuzi ya siku moja kwa mafuta, maji au kitambaa cha kununua. Mahali ambapo maombi yana bei, toka.

## Hatua ya 6: Mpate mtu mmoja wa kukuuliza

Watu wa Uamsho, ule ulioenea Afrika Mashariki kuanzia miaka ya 1930 na ukagusa sana makanisa ya huku kwetu, walikuwa na desturi ya kutembea nuruni, yaani kuelezana hali ya moyo bila kujipamba. Wazee wachache wa ushirika huo bado wapo vijijini, na ukimpata mmoja aliye tayari kukusikiliza, una bahati.

Msindikizaji wako awe wa jinsia yako, asiwe bosi wako wala mtu unayemdai, na awe na uwezo wa kutunza siri. Mwambie una siku arobaini, na mwombe akuulize mara moja kwa wiki maswali matatu tu: Umesoma wapi? Uliahidi kurekebisha nini na umefikia wapi? Ni kitu gani hutaki nikuulize?

Hatua hii haihitaji maelezo marefu. Inahitaji simu moja, ipigwe kabla ya siku ya tatu.

## Hatua ya 7: Weka alama kwenye kalenda kabla majira hayajafika

Siku ya arobaini ikipita, chukua kalenda ya mwaka uweke alama kwenye majira yanayokupoza. Kila kazi ina majira yake. Kwa mkulima wa uwele na mtama ni mvua zinapoanza, mara nyingi Desemba, ambapo kila siku ya palizi ina thamani na Jumapili huonekana ndefu mno. Kwa mwenye zabibu ni wiki za kuvuna, ambazo huja mara mbili kwa mwaka. Kwa mtumishi wa serikali ni kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, Bunge la Bajeti linapoketi na watu wanatoka ofisini usiku. Kwa mwanafunzi ni wiki za mitihani, na kwa mfanyabiashara wa soko la Majengo ni Desemba nzima.

Katika majira hayo punguza, usiache. Robo saa iwe dakika tano, sura iwe mistari sita, na jumuiya iwe mara moja kwa mwezi ukiwa umemwarifu mwenyekiti mapema. Mwambie msindikizaji tarehe hizo ili akuulize wakati huo hasa. Kinachopoza imani ni kule kuacha kabisa kwa muda mfupi, kukifuatiwa na aibu ya kuanza tena.

Kila mwisho wa mwezi, fungua daftari kwenye ule ukurasa wenye mstari katikati, uongeze safu moja: tukio kushoto, tendo kulia. Ikiwa miezi miwili mfululizo upande wa kulia ni mtupu, usisubiri Januari wala Kwaresima, na usirudie mpango wote tangu mwanzo. Tafuta tarehe ya tendo la mwisho lililoandikwa, mpigie msindikizaji wako, na ulianze tendo hilo kesho yake asubuhi.